Stashahada ya uhusiano wa umma: anza kuandika leo

Mdogo wangu wa Wete, unauliza kama stashahada ya uhusiano wa umma, yaani kazi ya kuisemea taasisi mbele ya watu, ya chuo cha kati itakupa kazi, maana baba anataka usome ualimu. Inaweza, ila cheti peke yake hakitoshi. Mwajiri atataka kuona ulichoandika. Jipe zoezi hili: boti ya Unguja imechelewa, abiria wamejaa bandarini Mkoani, watoto wanalia. Andika taarifa ya maneno 100 kwa niaba ya kampuni ya boti. Kwanza omba radhi, kisha sema kilichotokea, boti itafika saa ngapi, nauli itarudishwa vipi. Irudie mpaka bibi yako aielewe bila kuuliza. Omba kujitolea Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila Februari Ngome Kongwe, Unguja, uone waandishi wanavyopokelewa. Kiingereza kikazanie, hoteli zinakitaka. Baba usibishane naye, mpeleke chuoni azungumze na walimu.