Amana imekaa miaka minne: riba yake ni ya nani?

SWALI

Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Leicester, mwaka wa nne huu, kodi pauni 900 kwa mwezi. Tulipoingia tulitoa amana ya pauni 1,038, wakala akatuambia imelindwa. Sasa tunahama. Binamu yangu wa Hamburg alipohama mwaka jana alirudishiwa amana yake na riba juu. Je, na sisi tunaweza kudai riba ya miaka yote hiyo? Mume wangu anasema tuachane nayo, riba si pesa ya kula. Halafu wakala ameshatutumia meseji kwamba atakata pauni 260 za zulia na usafi.

Mama Wawili, Leicester

JIBU

Marahaba mwanangu. Hilo la halali na haramu mpelekee sheikh wako, mimi ni mtu wa mikataba ya nyumba. Ila safari hii mumeo hana cha kuogopa, maana riba yenyewe hamna.

Sheria ya amana huko England ilianza kufanya kazi Aprili 2007. Inamtaka mwenye nyumba aiweke amana yako kwenye mmoja wa mipango mitatu iliyoidhinishwa na serikali: DPS, MyDeposits au TDS. Kila mpango una milango miwili. Mlango wa kwanza, pesa inakabidhiwa mpango wenyewe, unaishika mpaka utakapohama. Hapo mwenye nyumba halipi ada yoyote, na watu hujiuliza mpango unaishi kwa nini. Unaishi kwa riba ya amana zenu! Ndiyo inayolipa mishahara na simu. Mlango wa pili, mwenye nyumba au wakala anabaki na pesa mwenyewe, analipa ada ya bima ili akiila, mpango ukufidie. Huko nako hakuna sheria inayomlazimisha akupe riba. Akiwa ameiweka benki ikazaa, ni yake, isipokuwa mkataba wenu uwe umeandika vinginevyo. Basi usome mkataba wako. Nilikaa miaka 11 kwenye dawati la ushauri wa nyumba, na kifungu cha kumpa mpangaji riba nilikiona mara moja tu, kwenye mkataba wa mzee mmoja mwenye nyumba aliyeupiga chapa mwenyewe.

Binamu yako naye hakukudanganya. Ujerumani ni nchi nyingine na sheria nyingine. Kifungu cha 551 cha sheria yao ya madai kinamtaka mwenye nyumba aitenge amana mbali na mali zake, benki, kwa riba ya akiba ya kawaida, na riba hiyo ni ya mpangaji. Inaongezeka juu ya amana hadi siku ya kuhama. Lakini hata huko, aliyepanga kwenye hosteli ya wanafunzi asiitegemee, sheria imewaacha nje. Na wenzetu hao wanabanwa kwingine: mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za maji na joto. Yako nimeipigia hesabu. 900 mara 12, gawanya kwa 52, zidisha kwa 5, unapata 1,038 na senti kidogo. Hizo ndizo wiki 5 ambazo tangu Juni 2019 ndio mwisho wa amana England, kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000. Kwa hiyo hapo wakala alikwenda sawa.

Sasa niambie, hiyo riba ingekuwa shilingi ngapi? Tuseme benki ingetoa asilimia 2 kwa mwaka. Miaka 4 ni kama pauni 83. Wewe unasaka 83 na huku mtu ameshanyoosha mkono kwenye 260. Geuza uso huku.

Zulia kwanza. Muulize wakala mambo mawili kwa barua pepe, usimpigie simu: zulia lilinunuliwa lini, na risiti iko wapi. Mwenye nyumba haruhusiwi kutumia amana yako kugeuza zulia kuukuu kuwa jipya. Waamuzi wa mipango hii huangalia umri wa kitu, kilitazamiwa kudumu miaka mingapi, na familia iliyokaa ni ya watu wangapi. Zulia la kutazamiwa miaka 8, ambalo mlilikuta lina miaka 4, leo limekwisha kazi yake, hata kama mtoto amelimwagia uji. Nyuzi zilizolala mlangoni na njia ya kwenda jikoni ni uchakavu wa kawaida, haulipiwi. Alama ya pasi ni habari nyingine, hiyo mtalipia, japo kwa thamani iliyobaki tu.

Usafi nao. Mnatakiwa kuiacha nyumba safi kama mlivyoikuta, basi. Hawezi kuwalazimisha mlipie kampuni ya usafi, sheria ya 2019 imelikataza hilo. Tafuta ile orodha ya vitu na hali ya nyumba mliyopewa siku ya kuingia. Kama ilisema oveni ina mafuta, oveni yenye mafuta ndiyo mnayorudisha. (Mimi ningeisafisha hata hivyo, lakini huo ni ulimbwende wangu.) Kama hawakuwahi kuandika orodha, nafuu iko kwenu, kwa sababu amana ni pesa yenu hadi mwenye nyumba athibitishe sababu ya kuikata. Kazi ya ushahidi ni yake.

Mkishindwa kuelewana, mpango una waamuzi wake, na ni bure. Hawaji nyumbani, wanasoma karatasi na kutazama picha. Kama amana iko kwenye mlango wa bima, peleka malalamiko kabla miezi 3 haijapita tangu kuhama. Mkielewana kiasi, pesa inatakiwa irudi ndani ya siku 10.

Wanangu mna bahati na hamjui. Mwaka 2004 nilipanga chumba Reading, juu ya duka la samaki na chipsi. Nilitoa amana ya pauni 350 taslimu, tukazihesabu kwenye ngazi, risiti ikaandikwa nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. Nilipohama, mwenye nyumba akanusa ukuta akasema chumba kinanuka samaki, lazima kipakwe rangi upya, hakuna cha kurudisha. Mimi nilikaanga dagaa labda mara nne mwaka mzima. Chini yangu kuna mapipa ya mafuta yanachemka kuanzia saa tano asubuhi! Hapakuwa na mpango wala mwamuzi. Palikuwa na mahakama, na mimi nilikuwa na zamu mbili za kazi. Bahasha ninayo hadi leo.

Jambo la mwisho, nalo lina pesa kuliko riba ya Hamburg. "Imelindwa" ni maneno ya wakala. Ingia kwenye tovuti za mipango yote mitatu, weka postikodi, jina la ukoo, tarehe ya kuanza upangaji na kiasi cha amana, uone. Ilitakiwa ilindwe ndani ya siku 30 tangu mlipoitoa, na ndani ya siku hizohizo mpewe karatasi zinazosema ni mpango upi na taratibu zake. Kama ilichelewa, au haipo kabisa, mnaweza kwenda mahakamani, na mahakama itamwamuru mwenye nyumba awalipe kati ya amana moja na amana tatu. Kwenu nyinyi ni kuanzia pauni 1,038 hadi 3,114. Fanya ukaguzi huo kabla hujamjibu ile meseji ya 260.

Na siku ya kurudisha funguo, piga picha mchana, mapazia yamefunguliwa: zulia la mlangoni, ndani ya oveni, nyuma ya choo, na mita za gesi na umeme.