Ushuru wa Chungwa Analipa Nani? Kwa Mnaotaka Kusoma Uchumi na Sera

Juzi binti mmoja wa Muheza, kamaliza kidato cha sita, kaniandikia: “Dada, nataka kusoma uchumi na sera za umma, lakini nyumbani wanasema nitaishia kukaa na cheti ndani. Nifanyeje?” Nimeulizwa hivi mara nyingi nikajibu kwa mistari miwili. Leo nalijibu kwa kirefu, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile: kukaa siku moja pale sera zinapopangwa, na kusikilizwa.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga mjini, lakini shamba la michungwa la baba liko Muheza. Msimu ukifika wanunuzi huja na malori, mengine kutoka Kenya. Mnunuzi anapita chini ya miti, anataja bei. Baba akibisha, anaambiwa, “Mzee wangu, na ushuru je? Siwezi kuongeza.” Baba anakubali, kwa sababu chungwa lililoiva halimngoji mtu. Kisheria ushuru wa mazao unalipwa na mnunuzi, na hilo baba alilijua. Alijua pia kwamba anayeumia ni yeye. Mimi nilikuwa nikimwangalia tu, sina la kumwambia.

Jibu nilikutana nalo mwaka wa kwanza, kwenye mikroekonomia, somo linaloangalia jinsi wanunuzi na wauzaji wanavyoamua na bei inavyopangika. Mwalimu alichora mstari wa mahitaji na wa ugavi, akatuonyesha kwamba sheria inaweza kumtaja yeyote kuwa mlipaji, ila mzigo wa kodi humwangukia zaidi asiye na pa kukimbilia. Mnunuzi ana mashamba mengi ya kuchagua. Mkulima ana wiki chache tu kabla mali haijaoza. Nilimwona baba yangu ubaoni. Kuanzia hapo hakuna aliyelazimika kunihimiza kusoma.

Mwaka wa tatu nikaomba kufanya utafiti wangu juu ya machungwa. Mhadhiri mmoja akaniambia mbele ya wenzangu kwamba hayo ni mambo ya bwana shamba, nichukue mfumuko wa bei kama wengine. Watu walicheka. Sifichi, mpaka leo linaniuma. Lakini sikubadilisha mada. Nilikwenda kwa wakulima, nikaandika bei walizolipwa shambani, nikalinganisha msimu kwa msimu.

Nilichokuwa nakitafuta ni hiki. Bajeti ya 2017/18 ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Wengi walisema mkulima kapona. Mchumi anauliza: hicho kilichopunguzwa kimebaki mfukoni mwa nani? Wanunuzi wakiwa wengi na wakagombea mzigo, bei ya shambani itapanda. Akiwa mmoja, ana sababu gani ya kuipandisha? Kazi ile nilipata A, na ndiyo niliyoizungumzia kwenye usaili wa kazi ninayofanya leo. Najivunia, na nina haki.

Sasa ushauri wangu: hisabati. Mliosoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) mna nafuu. Wengine rudieni kalkulasi na takwimu kabla chuo hakijafunguliwa, maana ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, haina huruma. Nimeona vijana hodari wa hoja, wanaoweza kukutetea sera usiku kucha, wakakwama kwenye mtihani wa takwimu na kuhama kozi. Kwa hiyo narudia, hisabati.

Na msikubali sababu moja kwa kila jambo. Sisi wa Tanga tunapenda kubishana kuhusu mkonge: katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha ukaporomoka. Mmoja atalaumu utaifishaji wa 1967, mwingine atalaumu kamba za plastiki zilizoangusha bei duniani. Mwanafunzi wa sera lazima apime vyote viwili, aseme kipi kilianza na kipi kiliongeza. Mkishindwa hilo mtakuwa wapiga kelele wenye shahada, na nchi ina kelele za kutosha.

Kuhusu ajira, waambieni wazazi ukweli: nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini halmashauri zinahitaji wachumi kwenye mipango, benki zinawahitaji, na ofisi za takwimu na kodi pia.

Wakati mnangoja kupangiwa chuo, someni hotuba ya bajeti. Husomwa bungeni Dodoma kila Juni, kwa Kiswahili, na nakala yake hupatikana bure mtandaoni. Chagua hatua moja ya kodi inayogusa kitu kinachouzwa mtaani kwenu. Uliza bei kabla ya Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza, na uliza tena mwezi mmoja baadaye. Andika tarehe na bei kwenye daftari. Rudi kwenye maduka yaleyale uliyoanza nayo, la sivyo hutajua kama kilichobadilika ni bei au ni muuzaji.