Watoto wanakariri hotuba, kujibu hawawezi: nianzie wapi na mdahalo wa Darasa la Tano?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali wilayani Ilemela, Mwanza. Nimekabidhiwa klabu ya mdahalo ya Darasa la Tano, watoto 84. Kila Ijumaa tunachagua wasemaji wanne. Wanaandikiwa hotuba nyumbani, wanazikariri na kuzisema vizuri kabisa, lakini hakuna anayemjibu mwenzake. Kila mmoja anatoa ya kwake na kukaa, waliobaki wanapiga makofi au wanazomea. Muda ni kipindi kimoja cha dakika 40. Mkuu wa shule anataka tufanye kwa Kiingereza. Juzi mzazi kaja kulalamika kwamba mwanawe siku hizi anabishana na wakubwa. Na muhula ujao tunakutana na shule jirani. Nifanyeje?

JIBU: Pole na kazi, Mwalimu. Kazi yangu ni kuwanoa walimu wanaosimamia midahalo, na hicho unachokieleza nakikuta shule nyingi ninazoingia, za mjini na za visiwani. Mnachofanya Ijumaa kwa sasa ni ngonjera isiyo na vina. Inapendeza kuitazama siku ya mahafali, ila haimfundishi mtoto kujenga hoja.

Kabla ya kuwalaumu watoto tuiangalie mada. Nadhani ubao wenu umeandikwa mojawapo ya zile tulizokua nazo sote: elimu ni bora kuliko mali, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Mada hizi hazina mahali pa kugongana. Wa kwanza anataja faida tano za elimu, wa pili anataja faida tano za mali, na zote kumi ni za kweli. Ukishakuwa na faida zako mkononi, ya nini kumsikiliza mwenzako? Mtoto huyo uwezo wa kujibu anao. Hajapewa cha kujibu.

Chagua mada inayotaka jambo lifanyike au likatazwe, inayohusu kitu ambacho mtoto amekiona kwa macho yake, na ambayo mtu mzima mwenye akili zake anaweza kusimama upande wowote bila kuona aibu. Huko kwenu huna haja ya kwenda mbali. Wauza ubuyu na barafu wasikae kwenye geti la shule. Kila mtoto wa Darasa la Tano apande mti na autunze mpaka amalize shule. Watoto wasiruhusiwe kuogelea ziwani. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote, ngoja nikuoneshe sababu.

Upande unaounga mkono utakuja na kichocho. Ni hoja nzito: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, vikaingia mwilini kwa kupenya ngozi, na wengi wa watoto hao wamewahi kumezeshwa dawa za kichocho shuleni. Kwa mtindo wenu wa sasa, mpinzani angesimama na kusema kuogelea ni mazoezi mazuri ya viungo, akashukuru na kukaa. Hajamjibu mtu. Sasa msikilize anayejibu: “Mheshimiwa mwenyekiti, msemaji amesema tusiogelee kwa sababu ya kichocho. Lakini hata ukisimama majini kufua nguo au kuchota maji, kichocho kinakupata. Na kufua tukataze?”

Darasa litacheka, na mdahalo ndio umeanza. Maana upande wa kwanza una pa kurudia: kufua na kuchota maji ni lazima, kuogelea unaweza kuacha. Na wapinzani nao hawajaishiwa: mtoto wa ziwani asiyejua kuogelea, siku mtumbwi ukipinduka itakuwaje? Hapo wa kwanza atalazimika kulegeza kidogo, aseme basi wafundishwe na mtu mzima, mahali maalumu. Mtoto akifika hapo mpongeze mbele ya wenzake, hata kama wenzake wanaona ameshindwa, kwa sababu amerekebisha msimamo wake baada ya kusikia jambo. Wapo watu wazima wanaokaa kwenye vikao mwaka mzima bila kufanya hivyo mara moja.

Ili wafike hapo, andika ubaoni maneno haya na uyaache yakae: Amesema… Lakini… Kwa sababu… Kwa hiyo… Kila jibu lipite humo. Mtoto wa miaka 11 hahitaji nadharia zaidi ya hiyo. Kazi kubwa iko kwenye lile neno la kwanza, na hapo mimi huwa mkali. Hakuna ruhusa ya kusema “lakini” mpaka aliyejibiwa akubali kwamba, ndiyo, ndivyo nilivyosema. Asipokubali, anayejibu arudie. Mwanzoni itakula muda na itakuudhi. Utamsikia mtoto akisema “amesema kuogelea ni kubaya”, na mwenzake anang’aka, “Sijasema kubaya, nimesema kichocho!” Usiingilie. Waache wakwaruzane hapohapo, kwani wengi wanaoonekana hawawezi kujibu kumbe hawakusikia kilichosemwa. Walikuwa wanarudia mistari yao moyoni wasije wakaisahau.

Kuhusu idadi, sahau jukwaa kwa wiki za mwanzo. Ukiweka wasemaji wanne mbele, 80 ni watazamaji, na mtazamaji aliyechoka ndiye anayezomea. Wagawe watatu watatu, utapata makundi 28. Mmoja aunge mkono, mmoja apinge, wa tatu awe jaji. Wa kwanza azungumze dakika moja, wa pili amjibu dakika moja, kisha jaji aseme kwa sentensi mbili ni jibu lipi lilimgusa na kwa nini. Kisha wapokezane nafasi. Ukijumlisha na kusogeza madawati, mzunguko mmoja ni dakika nne au tano, kwa hiyo ndani ya robo saa kila mtoto ameunga mkono, amepinga na ameamua. Kiranja mmoja akae na kengele. Kelele zitakuwepo, tena nyingi, kwa hiyo mtaarifu mkuu wa shule mapema asije akafika dirishani na fimbo.

Faida nyingine ya utatu huu ni kwa wale wakimya. Mtoto ambaye ukimwita mbele ya darasa anaangalia miguu yake, mbele ya wenzake wawili anaongea. Mwanzishe kwenye nafasi ya jaji, kwa sababu jaji anaombwa maoni yake tu na hakuna anayempinga. Wakiwa kwenye makundi hayo ukisikia Kisukuma au Kikerewe, usiwakaripie. Hoja ikishasimama, kuihamishia kwenye Kiswahili mbele ya darasa ni kazi ndogo.

Hilo linatupeleka kwa mkuu wako na Kiingereza. Simlaumu, wazazi wanakipenda na shule za jirani zinajitapa nacho. Lakini mtoto anayehangaika kutafuta neno ataacha kutafuta hoja, na njia rahisi kwake itakuwa kurudi kwenye kukariri, ugonjwa ule ule unaotaka kuutibu. Mwombe mkuu muhula mmoja wa Kiswahili. Kama anahitaji kuona kitu, kila Ijumaa mwishoni chagua jibu moja lililokuwa bora siku hiyo, darasa zima mlitafsiri pamoja ubaoni, na aliyelitoa alisome kwa Kiingereza. Ni sentensi nne tu, na anajua anachosema.

Mkishazoea, labda baada ya mwezi, ndipo rudisheni jukwaa, mwenyekiti, katibu, mtunza muda na “mheshimiwa” zenu zote. Watoto wanazipenda na sioni sababu ya kuwanyima. Kila mtoto akunje ukurasa wa daftari katikati: upande mmoja Wamesema, upande wa pili Tunajibu. Aandike neno moja moja, si sentensi nzima. Anayeandika sentensi nzima anapitwa na hoja mbili zinazofuata. Dakika mbili kwa msemaji zinatosha. Kwenye mashindano ya dunia ya shule za sekondari msemaji hupewa dakika nane, lakini hao ni vijana wakubwa. Mtoto wa Darasa la Tano ukimpa nane, sita atazijaza kwa salamu. Ile ya kuruka na kusema “Taarifa, mwenyekiti!” kama wabunge, iache kwanza. Wakiionja mapema hawatafanya kingine.

Na hotuba za kuandikiwa nyumbani utazimaliza kwa hatua moja. Tangaza mada Jumatatu, ila usimwambie mtoto yeyote upande wake. Waandae pande zote mbili. Siku ya Ijumaa, robo saa kabla ya kuanza, rusha sarafu. Baba mtu hawezi kukaa usiku kuandika hotuba ambayo huenda isisomwe.

Alama nazo zitasema unathamini nini, kwa sababu watoto wanafuata alama. Yale mashindano ya dunia hugawa 40 kwa maudhui, 40 kwa namna ya kuzungumza na 20 kwa mkakati. Kwa umri huu mimi nabadilisha: nusu ya alama zote ziende kwenye kujibu, robo kwenye hoja zao wenyewe, robo kwenye sauti na utulivu. Mikono inayorushwa hewani na nukuu za viongozi zisipate kitu zisipobeba hoja. Anayezomea, upande anaoushabikia upunguziwe alama, na ipunguzwe pale pale wote wakiona.

Yule mzazi usimpuuze. Kwa wengi wetu, mtoto kumjibu mkubwa ni utovu wa adabu, na hutaibadilisha desturi hiyo kwa kipindi cha Ijumaa, wala sioni kwamba ni kazi yako. Waambie watoto waziwazi kwamba mdahalo una mwenyekiti, una muda na una pande zilizokubali kupingana. Mama akikutuma dukani, hakuna mwenyekiti hapo, unakwenda. Halafu weka sheria kwamba anayejibu anataja hoja, hamtaji mtu. “Hoja ya mwenzangu ina kasoro” inaruhusiwa, “huyu anadanganya” hairuhusiwi. Na mkimaliza, kila msemaji aseme hoja moja ya upande wa pili aliyoiona nzuri. Mwalike mzazi huyo Ijumaa moja akae kwenye meza ya majaji. Akishaombwa kueleza mbele ya watoto kwa nini ametoa 30 na si 40, ataelewa mnachokifanya kuliko ukimweleza ofisini.

Kuhusu shule jirani, nenda ukaonane na mwalimu mwenzako sasa hivi, usingoje barua. Kubalianeni mada yenye kugongana, upande uamuliwe kwa sarafu siku ile ile, dakika mbili kwa msemaji, na kila timu itoe msemaji wa mwisho ambaye kazi yake ni kujibu tu, haruhusiwi kuleta hoja mpya. Majaji wawe watatu, ikiwezekana mmoja atoke shule ya tatu, na wapewe mgawanyo wa alama mapema. Yote hayo yaandikeni na kila mmoja asaini, maana siku yenyewe wazazi wakishajaa uwanjani hakuna mwalimu atakayekubali kubadilisha kitu.