Ukienda Sarehole, uliza kwanza siku ya kusaga

Mara ya kwanza nilipofunga safari hadi kinu cha maji cha Sarehole, kule Birmingham, nilikuta gurudumu limetulia tuli. Kosa langu mwenyewe: niliangalia saa za kufungua, sikuuliza siku ya kusaga. Nikasoma vibao, nikapiga picha za bwawa, nikaondoka nikijiuliza watu wanafuata nini pale. Ninayoyasimulia hapa ni ya safari ya pili.

Tukisema kinu, wengi wetu tunaona kinu na mchi uani kwa bibi. Hiki ni mashine ya kusaga kama ya mtaani kwako, ila badala ya dizeli au umeme kinaendeshwa na maji ya mto Cole, yanayokusanywa bwawani kisha yanaachiliwa yasukume gurudumu. Jengo lililopo ni la karne ya 18.

Wageni wengi huletwa na jina la J.R.R. Tolkien, mwandishi wa riwaya ya The Lord of the Rings. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Mama yake alikuwa amekwenda Uingereza na watoto wake wawili, na baba akafia hukohuko Bloemfontein mwaka 1896. Mwaka huo mjane akapanga nyumba karibu na kinu, wakakaa miaka minne. Ronald, kama nyumbani walivyomwita, na mdogo wake Hilary hawakubanduka pale. Siku hizo kinu kilisaga zaidi mifupa ya kutengenezea mbolea, na kijana wa mwenye kinu alikuwa akitoka amejaa vumbi jeupe. Watoto wakambandika jina Zimwi Jeupe. Mkulima mmoja aliyemfukuza Ronald kwa kumchumia uyoga akawa Zimwi Jeusi.

Kwa hiyo kabla hujaenda, tafuta dibaji ya toleo la pili la The Lord of the Rings, usome mwisho wake. Tolkien, sasa mzee, anasimulia kwamba aliona gazetini picha ya kinu kilichochakaa kando ya bwawa lake, kinu ambacho zamani kilikuwa kitu kikubwa kwake. Anaongeza kwamba sura ya yule kijana hakuipenda kamwe, ila baba mtu alikuwa na ndevu nyeusi. Miaka sitini na ushei imepita, kinyongo kiko palepale! Hata hivyo, fedha za kukikarabati alichangia.

Ukifika siku ya kusaga, usikimbilie picha za Tolkien. Nenda yalipo mawe, usimame. Jiwe la chini halisogei. La juu ndilo linalozunguka, na ngano inadondokea kwenye tundu la katikati, inasukumwa na mifereji iliyochongwa kwenye mawe mpaka inatokea pembeni ikiwa unga. Utasikia sakafu ikitetemeka chini ya viatu. Bwana aliyekuwa zamu aliniruhusu kutia vidole kwenye unga uliokuwa ukishuka: una joto kama mkate uliotoka tanuri. Nilipoinua macho nikaona nyusi zake zimekuwa nyeupe pe. Hapo ndipo Zimwi Jeupe liliponiingia akilini, si kwenye kibao.

Usafiri si kazi. Panda treni kituo cha Moor Street, ushuke Hall Green, kilichobaki ni mwendo wa miguu. Vaa viatu usivyovionea huruma, kwa sababu ukitoka kinuni utataka kupita Moseley Bog, msitu wenye kinamasi ambamo wale watoto walicheza. Mimi nilivaa raba nyeupe. Nisiseme zaidi.

Na unga wao ukiukuta unauzwa, nunua, lakini ni unga usiokobolewa. Chapati zangu za kwanza zilikauka kama kadibodi. Changanya nusu kwa nusu na ngano nyeupe, maji yawe ya moto, na donge ulifunike nusu saa kabla ya kusukuma.