Redio inakoroma nikiwasha chaja, IC ni feki?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kibaigwa, nachaji simu za watu sokoni kwa betri ya sola ya volti 12. Nimeunda bodi ya kushusha mpaka volti 5 kwa IC (chipu) ya LM2596, inachaji ila simu zinakatakata, alafu redio ya jirani, AM, inakoroma nikiwasha tu. IC nimebadilisha mara 3. Ni feki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Picha ya bodi uliyotuma nimeiona, acha kumaliza hela kwa IC, shida ni ulivyopanga bodi. Kapasita ya kuingizia umeme umeichomelea kule pembeni zinapoingia waya za betri, mpaka ufike kwenye IC ni kama sentimita 4, na dayodi nayo iko upande wa pili kama imegombana na wenzake.

Hiyo IC inawasha na kuzima mara 150,000 kwa sekunde, ikiwasha umeme unatoka kwenye kapasita unapita kwenye IC, ikizima unaachiwa ghafla dayodi inaubeba, kwa hiyo kile kiduara cha kapasita, IC na dayodi ndicho kinachopigwa vishindo, koili wala haina presha hiyo. Sentimita 1 ya waya ina kama nanohenri 10, yaani kipimo cha jinsi waya unavyogomea umeme unaobadilika ghafla. Zako 4 ni 40, ukikata ampea 2 ndani ya nanosekunde 50 tayari una volti 1.6 zimeruka kwenye kipande ambacho wewe unakihesabu ni sifuri! Redio sasa, kuwasha mara 150,000 kwa sekunde ndiyo kilohezi 150, na kelele zake hutokea pia kwenye mara 2, 3, 4 na kuendelea za hiyo namba: mara 4 ni 600, mara 5 ni 750, zote ziko ndani ya AM, lazima jirani alalamike.

Sogeza kapasita na dayodi zigusane kabisa na miguu ya IC, hasa upande wa graundi, na ongeza kapasita ndogo ya seramiki hapo hapo. Dayodi iwe Schottky, ile aina inayozima haraka, kama 1N5822, naomba usiniambie umeweka 1N4007, ile ni nzito kuzima. Waya wa fidibaki, ule unaoiambia IC volti zinazotoka ni ngapi, umeupitisha chini ya koili, hapo ndipo simu zinapokatikia nadhani, utoe pale uuchukue kwenye kapasita ya kutokea. Koili yako ya fimbo inamwaga sumaku kila upande, ukipata ya duara weka.

Ikikoroma bado nitumie picha ya chini ya bodi, juu huwa wanapendeza wote.