Maswali Yenu: Matembezi ya elfu kumi, Kigoma

SWALI: Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11. Kila Jumamosi ni "mama, twende mahali." Nikitenga shilingi 10,000, niwapeleke wapi wasirudi wamenuna?
Mama Watatu, Mwanga

JIBU: Inatosha, mradi isiishie kwenye soda na chipsi. Chemsha muhogo, kaanga karanga, jaza kidumu cha lita 5 cha maji. Pesa ibaki ya nauli.

Nendeni mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya stesheni, mfike saa moja asubuhi mitumbwi ikishusha dagaa. Ila tazama mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitanda hawaifuati taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika na mwalo hupooza. Chagua siku za giza. Ukitaka mboga ya kurudi nayo, chota dagaa wakavu, watikise kiganjani, kisha wamwage: mchanga ukibaki, walianikwa chini. Wa kwenye chanja huwa safi zaidi. Mkavu kweli huvunjika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji, ataoza kabatini.

Jumamosi nyingine shukeni Ujiji kwa daladala, mkaone mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Kuna kiingilio, na cha raia si sawa na cha mgeni, basi beba kitambulisho. Ukishamaliza usikimbilie gari. Shukeni ufukweni mngoje jua lizamie milima ya Kongo. Huku huzama karibu saa moja usiku au kuipita kidogo, si kama Dar, kwa hiyo panga usafiri wa kurudi mapema.

SWALI: Watoto wakiogelea ziwani watapata kichocho?
Baba Neema, Bangwe

JIBU: Wanaweza. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, hasa karibu na makazi. Tafuta ufukwe wa wazi wenye mawimbi, epuka mchana wa jua kali ambapo vimelea hutoka kwa wingi, na wakitoka majini wafute kwa taulo palepale. Kufuta hupunguza hatari tu, hakuiondoi. Wapeleke wakapimwe wiki sita hadi nane baadaye. Ukiwahi mno, kipimo hakioni kitu. Na mamba? Waulize wavuvi wa ufukwe huohuo kabla mtoto hajavua shati.