Programu Ijaribiwe Kwenye Simu ya Mnunuzi wa Dagaa

Kama unatengeneza programu ya simu ukiwa Kigoma, anza kwa kujua watu wako wanashika simu gani. Android Studio, ile programu ya kompyuta ya kutengenezea programu za simu, itasubiri. Mimi natengeneza programu ya kuandika manunuzi na madeni ya wafanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, na mengi ninayoyajua kuhusu prosesa, ubongo wa simu, nimeyapata kwenye simu zao.

Nenda siku za mbalamwezi. Wavuvi wa taa wanapumzika, mzigo unapungua, na mtu anaweza kukuachia simu yake kwa muda. Mwombe ruhusa, washa chaguo za wasanidi (Developer options) kwenye simu, chomeka waya wa USB, kisha andika kwenye kompyuta amri hii ya adb, chombo cha kuzungumza na simu kupitia waya:

adb shell getprop ro.product.cpu.abi

Jibu karibu kila mara litakuwa arm64-v8a, yaani ARM (ukoo wa prosesa za simu) ya biti 64, au armeabi-v7a, yaani ARM ya biti 32. Maandishi ya kwenye boksi usiyategemee. Dada mmoja anayeanika dagaa Kibirizi ana simu ambayo prosesa yake ni ya biti 64 kabisa, lakini amri hiyo ilijibu armeabi-v7a. Simu za bei nafuu zenye RAM ndogo mara nyingi huwekewa Android ya biti 32 tangu kiwandani ili kubana matumizi ya kumbukumbu. Kwa programu yako, hiyo ni simu ya biti 32, basi.

Sasa tazama kompyuta yako. Wengi wetu tuna Intel au AMD, ukoo wa x86. Emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, inakwenda kasi kwa sababu Android iliyomo ndani yake nayo ni ya x86_64, hivyo maagizo yanafika kwenye prosesa bila kutafsiriwa. Ikiwa inajikokota, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, uwashe msaada wa prosesa wa kuendesha mfumo ndani ya mfumo: VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD; kwa wa Linux, hakikisha KVM, inayotumia msaada huo, inafanya kazi. Android ya ARM juu ya Intel usihangaike nayo. Emuleta za sasa zinakataa hata kuiwasha ile ya arm64. Mac zenye M1, zilizotoka 2020, zenyewe ni ARM na zinaendesha arm64 vizuri, ila prosesa zake hazina biti 32, kwa hiyo nazo haziwezi kuiga simu ya yule dada.

Kuna jambo linalowachanganya vijana wengi hapa. Emuleta za x86 za Android 11 zilikuja na mfumo wa kutafsiri maagizo ya ARM, kwa hiyo programu yenye maktaba (vipande vya msimbo vilivyoandaliwa tayari) za ARM peke yake inaweza kufunguka vizuri mezani kwako. Ni msaada mkubwa wakati wa kuandika, lakini hautoshi kuwa ushahidi kwamba itafunguka Kibirizi.

Programu iliyoandikwa kwa Kotlin au Java tupu haina shida hii, maana simu yenyewe inaigeuza iendane na prosesa yake. Tatizo ni maktaba za C na C++: za kusoma picha, kufunga hifadhidata kwa siri, kuchakata sauti. Badili jina la APK, faili la kusakinisha programu, liishie na .zip, ifungue, uangalie folda ya lib. Ukikuta arm64-v8a tu, simu ya biti 32 itakataa kuisakinisha, na kwenye adb utasoma INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS. Huo ndio ugonjwa mwepesi, kwa sababu unajitangaza mapema.

Ule mzito hujificha. Tuseme maktaba ya kwanza ina mafaili ya arm64-v8a na armeabi-v7a, na ya pili ina armeabi-v7a peke yake. Simu ya biti 64 inaona folda ya arm64-v8a ipo, inaichagua, na haitarudi kwenye ile nyingine kutafuta kilichokosekana. Programu inasakinishwa, inafunguka, mtu anaandika manunuzi yake, halafu siku anabonyeza kitufe cha kupiga picha ya risiti inazima. Kwenye logi utakuta UnsatisfiedLinkError. Kwa hiyo linganisha folda hizo faili kwa faili. Kila faili la maktaba, lenye jina linaloishia na .so, lililomo kwenye moja liwemo na kwenye nyingine.

Lingine ni namna programu zinavyosafiri huku kwetu. Google Play inadai toleo la biti 64 tangu Agosti 2019, na tangu Agosti 2021 programu mpya zinapelekwa kama AAB, kifurushi kimoja chenye vipande vya aina zote za simu, kisha Play inampa kila mtu kipande kinachofaa simu yake. Ni utaratibu mzuri kwa anayepakua Play. Mwaloni mtu anatunza bando. Anarushiwa APK na mwenzake kwa Xender au Bluetooth. Simu ya biti 64 ikirusha kipande chake kwenda simu ya biti 32, hakitasakinishwa. Mimi hutengeneza APK moja yenye ARM zote mbili na kuacha x86_64 nje. Kwa Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, ni hivi:

flutter build apk --target-platform android-arm,android-arm64

Faili linanenepa, ndiyo, lakini linasafiri mkono kwa mkono mpaka Ujiji na Kasulu bila kukwama. Ukitumia --split-per-abi, inayotoa APK tofauti kwa kila aina ya prosesa, unakuwa umewaachia wateja kazi ya kujua prosesa zao.

Emuleta nisingeiacha. Ninaitumia kila siku kupima ukubwa wa vioo, matoleo ya zamani ya Android, na mtandao dhaifu. Ukiiwasha kwa -netspeed edge utaona skrini yako ya kuingia inavyoteseka. Seva iliyoko kwenye kompyuta yako inaifikia kwa anwani 10.0.2.2. Kama laptopu ina RAM ya GB 8, funga vingine vyote au fanyia kazi kwenye simu halisi moja kwa moja.

Lakini joto haikuonyeshi. Simu ikikaa juani kando ya vichanja vya dagaa, prosesa inapunguza kasi ili isiungue, na kioo hakisomeki kama maandishi yamefifia. Hilo nalipima palepale, saa saba mchana, kwa simu ya mitumba ya biti 32 niliyonunua kwa fundi wa Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma. Nunua yako kabla ya kufikiria kuongeza RAM ya kompyuta.

Na kwenye taarifa za hitilafu zinazotumwa kutoka kwa watumiaji, ongeza Build.SUPPORTED_ABIS, orodha ya aina za prosesa ambazo simu inazikubali, pamoja na toleo la Android. Mtu akikupigia kusema inazima, utajua simu yake ni ya aina gani kabla hujaanza kumuuliza.